Usiguse foto ya kambo: kuanza kutengeneza picha na kuchora mu telefone

(Mazungumzo niliyotoa Jumamosi mu komini Kenya, Lubumbashi, mbele ya vijana na wazazi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.)

Jambo yenu ba mama, ba papa, ba yaya na wadogo zangu. Asanteni kufika na hii jua. Naona wengine mumekuja na ordinatere mu sakoshi, wengi muko na telefone tu, na kuko mama moja pale nyuma ameniuliza ku mulango kama bila ordinatere ataweza kufata. Mama, utaweza. Leo tutafanya kazi juu ya foto moja tu, na kuran ikikatika foto iko mu telefone yangu pia, tutaendelea.

Foto yenyewe njo hii ku ukuta. Ni kambo yangu mwanaume, babu yangu, 1964, muji wetu ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Alikuwa mufanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, hapa amevaa shati nyeupe na kravati, amesimama wima kabisa, nyuma yake munaona kipande cha shemine. Karatasi yenyewe ni ndogo, sentimeta 9 kwa 13, ilikunjwa mara mbili ikakaa miaka mingi mu kitabu cha sala, sasa mukunjo umekuwa mustari mweupe unaopita juu ya nyushi ya kushoto unashuka mpaka ku sikio. Huku chini kuko doa ya chai. Na hapa, chini ya jicho la kuume, munaona kakovu kadogo kama punje ya muchele? Mukashike kale kakovu mu kichwa, tutarudi.

Kambo alipokufa familia wakaniambia wewe njo unajua mambo ya foto, mukuzie foto yake tuiweke ku kilio. Nilikuwa na miezi miwili tu ya kujifunza Photoshop, programu ya kutengeneza foto, ku ordinatere ya rafiki. Nikapiga ile karatasi na telefone, nikaifungua, nikachukua tampo, ile tampo inayokopia kipande cha hapa na kukibandika pale, nikaanza kufuta. Nikafuta mukunjo, nikafuta doa, kisha mukono ukapata utamu nikaendelea kufuta, mikunjo ya paji la uso, alama zote, ngozi ikakuwa laini kama sahani, na kila mara nasevu juu ya ile ile faili, JPEG, ile faili ya foto ya kawaida, juu ya JPEG. Usiku nikampelekea kambo mwanamuke. Akashika foto karibu na taa, akaiangalia muda murefu, akasema: «Huyu ni nani?»

Nikamwambia ni kambo. Akasema hapana, bwana yangu ana kovu hapa, alilipata ku kazi, mwaka tulioana. Akaniwekea foto ku magoti.

Wandugu, mimi njo nilikuwa nimefuta ndoa yao pale chini ya jicho. Na sikuweza kurudisha, juu nilikuwa nimesevu na kufunga, na ile istoriki ya kurudi nyuma inaisha ukifunga programu. Bahati karatasi ilikuwa bado iko. Mu familia nyingi hapa kwetu karatasi haiko tena, kuko foto moja tu mu telefone, na mutoto anaichezea.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, mbele ya rangi, mbele ya pinso ya kuchorea, mbele ya kila kitu: hatuguse foto. Tunafanya kazi juu yake bila kuigusa. Hii inawezekana kwa sababu ya kitu kinaitwa kalke. Nani hapa alichora karte ya Congo ku shule na karatasi ya kalke? Wote, sawa. Unaweka ile karatasi inayopenya mwangaza juu ya karte ya kitabu, unapitisha kalamu, ukikosea unatupa kalke yako, kitabu cha mwalimu kinabaki safi. Mu programu ni hivyo hivyo kabisa. Foto ya kambo iko chini, imefungwa na kufuli, wewe unaongeza kalke tupu juu, matengenezo yote yanakaa ku ile kalke, na kuko kajicho kando yake, ukikagusa kalke inazimika, ukikagusa tena inawaka. Wengine ku Kiswahili wanaita tabaka. Mimi nasema kalke juu njo tunasema mu atelie.

Na musifikiri ilikuwako tangu mwanzo. Photoshop ilianzishwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas Knoll na John Knoll, ikatoka 1990, lakini kalke zilikuja ku versio ya 3, mwaka 1994. Miaka ine nzima mutu akishabandika kitu juu ya foto na kuendelea, kimeshika, basi. Leo kalke iko mpaka mu telefone ya bei ndogo, na wengi wetu hatujawahi kuigusa hata mara moja, tunafungua programu tunakimbilia filta. Inaniuma.

Munaniuliza programu gani. Sitakaa sana hapa. Photoshop inalipiwa kila mwezi na bei yake haiko ya mwanafunzi, na zile za kuvunjwa wanazokuuzia mu kle USB mimi siziweke mu mashine yangu, virusi inakula kazi zako zote. GIMP ni ya bure, wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Amerika, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliianza 1995, na toka versio ya 3, ya 2025, unaweza kuweka filta na kuibadilisha kesho bila kuharibu foto iliyo chini. Krita ni ya bure pia, hiyo ni ya wachoraji. Photopea inafunguka mu navigateri, inafanana sana na Photoshop, na foto yako haipande ku intaneti, inabaki mu mashine yako, ikishafunguka haikule mega nyingi. Mwenye telefone tu, kamata ibisPaint, iko na kalke za kweli, ila telefone yenye memuari ndogo na picha kubwa itakukatalia kalke nyingi. Snapseed ni nzuri kwa mwangaza. Chagua moja ukae nayo miezi sita. Naona vijana wana programu kumi mu telefone na hakuna hata moja wanayoijua, kila juma wanahama, na kuhama huko njo kunawachelewesha kuliko kuran.

Turudi kwa kambo. Mara ya pili nilifanya hivi. Sikupiga tena na telefone, nilipeleka karatasi ku skane, nikaomba pikseli 600, vile vidoa vidogo vinavyofanya foto, kwa kila inchi. Juu ya nini 600? Karatasi ya sentimeta 9 kwa 13 inatoa hapo karibu pikseli 2100 kwa 3000, na ku enprimeri wanataka 300 kwa inchi, kwa hiyo naweza kuitoa mara mbili ya ukubwa wake bila uso kukuwa viboksi. Ukikosa skane, weka foto ku meza karibu na dirisha, ku kivuli, bila flashi, telefone ilale sambamba na karatasi, na usikaribie sana, kaa mbali kidogo ukate kando baadaye.

Nikafunga foto chini. Kalke ya kwanza juu yake nikaiita «mwangaza»: foto ilikuwa imechoka, nyeusi imekuwa kijivu, nyeupe imekuwa kama chai ya maziwa, nikafungua nivo, kale kachoro kama mulima, nikasogeza kakishale ka kushoto mpaka pale mulima unaanzia na ka kuume mpaka pale unaishia. Dakika moja tu. Shati ikarudi kuwa shati. Kalke ya pili «mukunjo»: tampo, lakini nikaiambia ichukue ku kalke zote na ibandike ku hii tupu. Ku ukuta nyuma yake na ku shati ilienda haraka. Ku nyushi nikasimama.

Hapa njo pahali wanaoanza wanakosea, na mimi nilikosea. Nilitaka kukopia nyushi ya kuume, niigeuze, niibandike kushoto, inafanyika sekunde kumi. Nikajaribu. Akawa tena mutu mwingine, juu uso wa mutu hauko sawa kushoto na kuume, angalieni jirani yenu, nyushi moja imepanda kidogo kila mara. Nikazima ile kalke, nikachukua pinso ya pikseli 2, nikachora nywele moja moja kufuata mwendo wa zile zilizobaki pande zote za mukunjo, kila nywele inaanza nene inaisha nyembamba. Nywele kama arobaini. Ilinichukua siku mbili na delestaji, kuran kukatwa, katikati. Na nilikuwa narudisha zumu mpaka foto nzima ionekane, naangalia, naingia tena, juu ukikaa ndani ya zumu ya asilimia 400 unatengeneza pikseli, humuone tena mutu.

Kakovu sikukagusa.

Sasa wale wa kuchora, musiseme huyu anaongea foto tu, pale ku nyushi nilikuwa tayari nachora. Kuchora na kidole ku kioo musione haya. Hapa hapa kwetu, 1946, Mufaransa moja Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie ya wachoraji, na mu wale wachoraji kulikuwa Bela, mutu wa Tchad, yeye alichora na vidole vyake, anatia kidole mu rangi anaweka ku karatasi, alama kwa alama. Mwenze Kibwanga alijaza picha na mistari midogo inayolala pamoja kama nyasi. Pilipili Mulongoy, samaki na ndege, na nyuma yao uwanja wote umejaa alama ndogondogo. Kila mutu namna yake ya kugusa karatasi, na unamtambua bila kusoma jina. Wewe unafungua programu unakuta pinso mia moja unachanganyikiwa. Chukua tatu: moja ngumu, moja laini, moja yenye ukali kama chaki, na ukae nazo. Anza bila rangi, nyeusi na kijivu na nyeupe, uchore sufuria ya bukari ku mwangaza wa dirisha, wapi kuko mwangaza, wapi kuko kivuli, basi. Rangi itakuja.

Na ikikuja, nawaomba jambo moja kwa moyo wote, juu ya ngozi yetu. Zile filta za «kurembesha» zinatupausha. Haiko mupya hiyo: zamani Kodak, kampuni ya filimu za foto, walipeleka ku maabara ya foto kadi ya kupimia rangi, picha ya mwanamuke mweupe, foto zikarekebishwa kufuata ngozi yake, na watu weusi wakatoka mu foto meno na macho tu. Leo wewe njo uko na kipimo mukononi. Kamata pipeti, ile inayosoma rangi, uguse shavu la mama yako mu foto, uangalie namba, nyekundu, kijani, bluu, kila moja inaenda toka 0 mpaka 255. Utakuta nyekundu iko juu kuliko zote mbili. Ngozi yetu ina udongo mwekundu ndani, na pale jua inapogonga paji la uso unaona karibu bluu ya mbingu. Ukichora kivuli cha uso na rangi nyeusi tupu unazima mutu. Chora na kahawia yenye joto, kisha kando kando, pale ardhi inarudisha mwangaza chini ya kidevu, tia nyekundu ya vumbi yetu.

Familia waliniomba tena nitie rangi mu foto ya kambo. Nikakataa kwanza. Kisha nikaenda kumuuliza kambo mwanamuke kravati ilikuwa rangi gani, akajibu bila kuwaza: kijani, yeye mwenyewe aliinunua. Nikaitia ku kalke yake peke yake, kwa mutindo wa «rangi», ule unaoacha vivuli vya chini vibaki. Shati sikuongeza kitu. Ngozi nilichukua ku foto ya papa yangu. Ile nisiyoweza kuuliza mutu sikuitia, ukuta umebaki kijivu.

Kuna Sammy Baloji, mutoto wa hapa Lubumbashi, alizaliwa 1978, moja wa walioanzisha biennale yetu ya picha, maonyesho ya kila miaka miwili, 2008. Yeye alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mu foto za rangi za viwanda vya Gécamines, kampuni ya migodi, vilivyoanguka. Hakuficha mshono. Unaona wazi hawa ni wa wakati ule na pale ni leo, na njo maana unasimama mbele yake huendi. Angewatia rangi sawasawa na ukuta angekuwa amedanganya. Mujiulize hivyo kila mara munapoondoa mutu mu foto ya harusi kwa sababu familia zimegombana, na wanatuomba, munajua wanatuomba.

Kabla hatujaanza: sevu faili yenye kalke kwanza, PSD ya Photoshop, XCF ya GIMP ama KRA ya Krita, halafu toa JPEG ya kutuma. JPEG haishike kalke, na kila ukiisevu tena inapoteza kidogo. Ku WhatsApp tuma kama dokima, ukituma kama foto inakandamizwa, halafu wa enprimeri anatoa uso wenye ukungu, unamkasirikia bure. Na omba karatasi moja ndogo ya kujaribu mbele ya ile kubwa, kioo kinawaka, karatasi haiwake, rangi itatoka nyeusi zaidi ya ulivyoona.

Haya, mutoe telefone. Mufungue foto moja ya mutu munayemupenda, haiko selfi. Fungeni kufuli. Ongezeni kalke tupu juu. Chukueni pinso, piga mustari mwekundu mukubwa katikati ya uso, ndiyo mama, katikati, usiogope. Sasa gusa kale kajicho.

Amerudi? Gusa tena. Na tena.