Klabu Ilipohama, Mashabiki Wakabaki: Historia ya AFC Wimbledon

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jina la Wimbledon wengi wenu mnalijua kwa tenisi. Leo tuiache tenisi, tuzungumze timu ya mpira ya mtaa huohuo wa kusini mwa London, AFC Wimbledon, ambayo mwaka 2025 ilirudi daraja la tatu la Uingereza. Mwaka 2002 haikuwa na daraja lolote. Haikuwa na mchezaji hata mmoja.

Klabu ya zamani ya mtaa huo, Wimbledon FC, ilianzishwa 1889 na kwa miaka mingi ilicheza soka la ridhaa. Iliingia kwenye ligi ya kulipwa mwaka 1977, na kufikia 1986 ilikuwa imeshapanda hadi daraja la kwanza. Miaka miwili baadaye ikaifunga Liverpool 1-0 katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Liverpool ile ndiyo iliyokuwa bingwa wa ligi! Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, na kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Kabla yake hakuna kipa aliyewahi kuokoa penalti katika fainali ya kombe hilo Wembley.

Tatizo lao lilikuwa uwanja. Plough Lane ulikuwa mdogo na umechoka. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, ambako mashabiki walikufa kwa kubanwa, klabu za madaraja ya juu ziliamriwa ziwe na viwanja vya viti pekee, pasiwe na majukwaa ya kusimama. Mwaka 1991 Wimbledon wakahamia Selhurst Park, kwa Crystal Palace, kama wapangaji. Ikasemwa ni kwa muda tu. Wakakaa kule zaidi ya miaka kumi, na huku nyuma Plough Lane ikauzwa kwa kampuni ya maduka makubwa. Mnaoendesha klabu mnajua upangaji unavyokula mapato: mlango si wako, mabango si yako, hata chai inayouzwa uwanjani si yako.

Mei 2000 wakashuka kutoka Ligi Kuu. Wenye klabu wakaja na wazo la kuihamishia Milton Keynes, mji ulio kilomita 90 hivi kutoka hapo. Mashabiki walipinga kwa maandamano na kwa kususia mechi. Shauri likapelekwa kwa jopo la watu watatu, na tarehe 28 Mei 2002 jopo likatoa ruhusa kwa kura mbili dhidi ya moja. Ripoti yake ilisema pia kwamba mashabiki kuanzisha klabu yao upya hapo Wimbledon hakungekuwa na maslahi mapana kwa soka. Mimi sentensi hiyo huisoma kama zawadi. Bila dharau ile, sidhani kama watu wangeamka haraka namna ile.

Wiki chache tu baadaye walikuwa wameshaunda klabu na kupata nafasi katika ligi ya wilaya, Combined Counties. Wakatangaza majaribio kwenye viwanja vya wazi vya Wimbledon Common. Walijitokeza wachezaji wapatao 230, wengi wao wa mchangani kabisa. Mechi ya kwanza ya kirafiki, dhidi ya Sutton United, walifungwa 4-0 mbele ya watu zaidi ya 4,500. Timu ya daraja la wilaya, haina hata mwezi mmoja wa mazoezi! Kuanzia Februari 2003 hadi Desemba 2004 wakacheza mechi 78 za ligi bila kupoteza hata moja.

Sasa niingie ndani kidogo, maana hapa ndipo lilipo suala lenyewe. Klabu ilikuwa mali ya chombo cha mashabiki, Dons Trust, na kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa kidogo au kingi. Sisi huku, kwenye mjadala wa Simba na Yanga wa asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji, huhesabu hisa. Kazi ngumu zaidi ni kumfanya mwanachama alipe ada mwaka ambao timu inafungwa.

Na kura ina gharama zake. Kufikia mwishoni mwa 2019, ujenzi wa uwanja mpya, mita mia chache tu kutoka ule wa zamani, ulikuwa umepungukiwa mamilioni ya pauni. Njia ya mkato ilikuwa kuuza sehemu kubwa ya klabu kwa tajiri. Mashabiki wakabisha, wakatoa hatifungani yao wenyewe, yaani hati za kuikopesha klabu fedha, na kukusanya zaidi ya pauni milioni 5. Uwanja ulifunguliwa Novemba 2020 kwa sare ya 2-2 na Doncaster Rovers. Majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya korona. Waliolipia viti wakatazama mechi nyumbani.

Msiwaone malaika, lakini. Kwa miaka mingi walikuwa Kingsmeadow, uwanja wa Kingstonian, klabu jirani iliyokuwa imefilisika. Wao walinunua, Kingstonian wakawa wapangaji. Walipohitaji fedha za kurudi kwao waliuuzia Chelsea uwanja huo, na Kingstonian wakabaki bila makazi. Mtu aliyefukuzwa kwake akamwacha jirani nje. Hilo kwenye hadithi zao tamu hulisikii sana.

Uwanjani mengi mnayajua. Walirudi ligi ya kulipwa 2011 kwa kuishinda Luton kwa penalti, baada ya kupanda daraja mara tano katika misimu tisa. Mwaka 2016 wakapanda tena, wakajikuta ligi moja na ile timu iliyohamishwa, MK Dons, ambayo ilikuwa imeteremka kutoka juu. Walishuka 2022, na Mei 2025 wakaifunga Walsall 1-0 Wembley, wakarudi daraja la tatu. MK Dons waliwaacha la nne.

Kuna mkono umenyooshwa pale nyuma. Karibu, ndugu yangu, uliza.