Usiloweke Opali Kabla Hujajua ni Opali Gani

Ndugu zangu, nitalisema tena, maana ushauri huu bado unatembea: eti opali, lile jiwe la thamani lenye rangi nyingi, ina kiu, iloweke usiku isipasuke. Opali gani? Hilo ndilo swali, na halimjii mtoa ushauri akilini hata kidogo.

Ni kweli opali ina maji, mara nyingi asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake. Lakini katika opali ya Australia, ile ya machimbo ya Coober Pedy au Lightning Ridge, maji hayo yamo ndani ya silika yenyewe, yaani madini yanayounda jiwe. Ukiiloweka huongezi kitu. Jiwe lenye tabia ya kupasuka hupasuka likikauka baada ya kuchimbwa, ndiyo maana mchongaji makini huliacha miezi kadhaa kabla ya kulikata. Na kulipaka mafuta je? Hayaingii. Yanakaa juu yakikusanya uchafu.

Opali ya Wollo, Ethiopia, iliyojaa sokoni baada ya 2008, ni habari nyingine. Nyingi ni haidrofani, zina vitundu vidogo mno vinavyofyonza maji. Ichovye, itakuwa angavu kama kioo na rangi zitapotea. Mwenye pete hushtuka, akaianika juani ikauke upesi, na hapo ndipo inapopasuka! Iache kivulini siku kadhaa, hata wiki, rangi zitarudi. Ila ikifyonza manukato au mafuta ya mwili inaweza kugeuka manjano, na kuisafisha hapo ni kazi ngumu. Kabla ya kununua jiwe ambalo bado halijapachikwa kwenye pete, weka tone dogo la maji nyuma yake: likinywewa, hiyo ni haidrofani.

Mtaniuliza, mbona mchongaji hutumia maji? Kwa sababu maji hupoza gurudumu la almasi la kukatia, na joto la gurudumu hilo hupasua opali haraka zaidi. Lakini akimaliza, haidrofani lazima ikauke taratibu kabla ya kupimwa, la sivyo mnunuzi analipia karati (kipimo cha uzito wa vito) za maji.

Kuna pia opali za kuunganishwa. Dableti ni kipande chembamba cha opali kilichogandishwa kwa gundi kwenye kitako cheusi. Tripleti huongezewa kifuniko cha kwatzi (madini magumu) au kioo. Ukizidi kuziloweka, maji hupenya kwenye gundi na jiwe linaingia ukungu. Tazama ubavuni: mstari ulionyooka kabisa ni dalili ya gundi. Pete iliyozingira jiwe pande zote huuficha mstari huo, kwa hiyo omba kuliona jiwe kabla halijapachikwa.

Kuhusu pete niseme kwa ufupi. Ugumu wa opali ni 5.5 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, na vumbi la kawaida lina kwatzi yenye 7, kwa hiyo huikwaruza. Ondoa vumbi kwa brashi laini, usilisugue jiwe likiwa kavu. Hereni na kidani hugongwa mara chache kuliko pete. Kwenye pete, ukingo wa dhahabu unaozunguka jiwe lote hulinda kuliko makucha manne. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo, hapana. Mvuke, hapana. Na sonara akitaka kulehemu pete, alitoe jiwe kwanza.