Delamere na Nyasi za Njoro

Wazee wetu, wafugaji wenzangu, vijana wa chuo, hamjambo?

Wengi wenu mnalijua jina la Delamere kwa mtindi mnaonunua mkipita Naivasha. Wengine mnalijua kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake, nitaifikia. Lakini waandalizi wameniomba nimkumbuke kama mfugaji na mfanyabiashara wa Nakuru, enzi zile Nakuru ni stesheni ya reli na vibanda vichache vya mabati.

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alifika nyanda zetu za juu kwa mara ya kwanza mwaka 1897, mwindaji aliyekuja kwa miguu na ngamia kutokea Somalia, akichechemea kwa sababu simba alishamtafuna mguu. Mwaka 1903 akarudi, na mara hii akakaa. Serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Laki moja, jamani! Sisi ndugu wa tumbo moja tunapelekana kortini kwa ploti ya hamsini kwa mia.

Njoro ilikuwa kijani kibichi, maji yapo, baridi yake nzuri. Ila Wamaasai, watu wanaoishi kwa ng'ombe, hawakuipenda kwa malisho. Mfugaji yeyote humu ndani angejiuliza: mbona wameiacha? Walisema wazi kwamba nyasi zile si nzuri kwa mifugo. Delamere hakusadiki.

Mwaka 1904 akaagiza kondoo jike 500 wa Merino kutoka New Zealand. Wanne katika kila watano wakafa, tena upesi. Ng'ombe wakaingiwa na homa ya mapafu. Na ugonjwa mwingine wa ukanda huu ulikuwa wa kuudhi zaidi, maana haukuwa na homa wala kikohozi. Ng'ombe anasimama katikati ya nyasi, anakonda. Manyoya yanakauka na kusimama, mbavu unazihesabu kutoka barabarani, hamu ya kula inamwisha huku chakula kimemfika magotini. Madaktari wa mifugo wakauita ugonjwa huo Nakuruitis, kwa jina la mji wetu wa Nakuru. Heshima ambayo hatukuiomba.

Chanzo chake kilijulikana miaka mingi baadaye. Udongo wetu wa majivu ya volkano una upungufu wa kobalti. Vijidudu vilivyomo tumboni mwa ng'ombe huhitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12. Bila hiyo, mnyama anakufa njaa ameshiba. Ndiyo maana ukienda duka la dawa za mifugo leo unauziwa chumvi yenye madini, na ukisoma karatasi yake utaikuta kobalti imeandikwa. Wamaasai hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na kumbukumbu, na walikuwa sahihi.

Basi mabaki ya mifugo yakahamishiwa Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na huko ndiko ufugaji wake uliposimama. Alizungumza Kimaa, na kazi ya mifugo aliitegemeza kwa wachungaji wa Kimaasai. Kwangu mimi huo ndio mwaka wake wa kwanza wa shule.

Njoro akaigeuza shamba la ngano. Kutu, ule ugonjwa wa ukungu unaoshika ngano, ikaila. Kufikia 1909 pesa zilikuwa zimemwishia, na shamba la ekari 1,200 alilolitegemea nalo likaharibika. Akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu mpaka zikapatikana zinazoweza kustahimili. Hapa nampa haki yake: utafiti wa ngano haujaondoka Njoro hadi leo, na mbegu kutoka nchi nyingi huletwa hapo kupimwa kama zitaihimili kutu. Kampuni ya Unga aliyoianzisha mwaka 1908 nayo bado ipo. Pengine chapati ya asubuhi ilitoka huko.

Ila tuulize swali la mfanyabiashara: hasara zote hizo zililipwa na nani? Aliweka rehani mali ya ukoo wao Uingereza, akakopa, akakopa tena, na alipofariki Novemba 1931 aliacha madeni makubwa ya benki. Sawa, alihatarisha cha kwake. Lakini kuna mtaji mwingine ambao hauonekani kwenye vitabu vya benki. Mwaka huohuo wa 1904 kondoo wa Merino wakishuka melini, Wamaasai walitiwa mkatabani waondoke Bonde la Ufa, baadhi waende Laikipia, kwa ahadi kwamba makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hayakufika hata miaka kumi. Mwaka 1911 wakaambiwa wahame Laikipia nayo. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Na Delamere, rafiki yao wa kuzungumza naye lugha yao, ndiye aliyekuwa kinara wa walowezi waliotaka nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao.

Kwa hiyo mtu akiniambia Delamere alitufundisha ufugaji, namuuliza: yeye alifundishwa na nani, na ada alilipa kwa nani? Majina ya wachungaji wale ni machache mno vitabuni. Najua humu ukumbini kuna ambao babu zao walichunga Soysambu. Nimeacha nusu saa makusudi. Mzee wa kofia pale mbele, naona umeinua mkono tangu nilipotaja homa ya mapafu. Kipaza sauti kinakuja.