Korosho Nyeupe, Kinyago Cheusi: Jifunze Kupiga Picha Ukiwa Nyumbani

Habari mtazamaji, karibu. Leo hatutoki nje ya nyumba. Tuko Mtwara, na tutatumia vitu viwili ambavyo huku havitafutwi mbali: korosho zilizobanguliwa na kinyago cha mpingo. Ukiviweza hivi, sufuria na kanga havitakusumbua.

Kwanza futa lenzi, hasa ya simu, kwa kitambaa laini cha pamba. Mkono ulioshika korosho una mafuta, na yakigusa lenzi picha inakuwa na ukungu. Watu wengi hulaumu simu bure.

Sasa mwanga. Fungua mlango usiopigwa na jua moja kwa moja. Weka stuli hatua moja ndani ya kizingiti, juu yake ungo wenye korosho, nawe simama ubavuni ili mwanga uje kutoka upande. Zima taa. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa nje, upande mmoja wa korosho utakuwa wa njano na mwingine wa bluu. Kama ukuta umepakwa rangi ya kijani, sogea mbali nao, maana rangi yake itarukia korosho. Na usikimbilie uani saa sita mchana. Mwezi Oktoba, msimu wa korosho ukianza, jua la huku husimama karibu utosini, na vivuli vyake vifupi huwa vyeusi tii.

Kwenye kamera, zungusha gurudumu mpaka A au Av, yaani wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua kasi. Weka uwazi wa lenzi f/5.6 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 400. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, usome kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga. Ikiwa ya polepole kuliko 1/60 ya sekunde, mkono utatikisa picha; pandisha ISO hadi 800, kasi itaongezeka mara mbili.

Piga. Angalia: korosho zimetoka za kijivu, kama zimelala kwenye majivu. Kamera haijaharibika. Kipimo chake cha mwanga hukichukulia kila kitu kuwa na rangi ya kati, si nyeupe si nyeusi, kwa hiyo kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga. Hapa ndipo wanaoanza hukwama, wakarudi kwenye flashi. Flashi haihitajiki. Shika kitufe chenye alama ya +/- na uongeze hadi +1, yaani mwanga mara mbili. Piga tena. Sogeza picha karibu kwenye skrini: unauona ule mstari unaogawa korosho vipande viwili? Ukipotea, umezidisha na weupe umeungua, rudi +0.7.

Wenye simu: gusa korosho kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha pandisha alama ya jua taratibu.

Ondoa ungo, weka kinyago. Ukisahau kurudisha ile +1, mpingo utatoka kama mti uliochujuka. Hapa tunakwenda kinyume: -1, kwa sababu kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga.

Lakini mpingo uliosuguliwa una jambo lake. Unang'aa, kwa hiyo umbo lake huonekana kwa kile kinachoakisiwa juu yake. Chukua mfuko mweupe wa sandarusi, uusimamishe upande wa kinyago usioelekea mlango, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye kinyago. Tazama shavu hili: lilikuwa limezama gizani, sasa lina mstari mwembamba wa mwanga, na alama za patasi zinasomeka. Sogeza mfuko kidogo kidogo, mstari utahama nao.

Zoezi la mwisho: weka kinyago na korosho pamoja kwenye ungo. Anza na 0 kwenye +/-, kisha pima kwa korosho, maana weupe ulioungua haurudi hata ukihariri. Korosho zikibaki na mstari wake, usiguse tena kamera. Mwanga wa kinyago utaletwa na mfuko.