Sufuria yenye Mistari Miwili
Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, kuhusu urafiki wa vijana wakimbizi wa dini mbalimbali

Bwana Mwenyekiti, masheikh, mapadre na wachungaji, wazee wangu wa Ujiji, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma.

Nilipoalikwa, mwenzangu mmoja alinicheka akasema, "Mwalimu, unakwenda kuwahadithia tena ile sufuria yako." Ndiyo, nitawahadithia. Nimeihadithia katika kumbi nyingi za mkoa huu, na nitaendelea mpaka nihudhurie kikao cha namna hii bila kumsikia mtu akisimama kutangaza kwamba sisi sote ni wamoja na hakuna tofauti yoyote kati yetu, kisha watu wakapiga makofi na kwenda kula.

Tofauti ipo. Kijana wa Kiislamu anajua ipo, na kijana wa Kikatoliki anajua ipo. Urafiki wao, pale unapodumu, hudumu kwa sababu kila mmoja anaujua mpaka wa mwenzake vizuri kuliko sisi tunaowahubiria tunavyoujua.

Habari za Kagunga, kijiji cha mpakani walikofurika wakimbizi wa Burundi mwezi Mei 2015, sina haja ya kuwasimulia watu wa Kigoma, maana mliiona meli ya Liemba ikishusha watu bandarini, na mliona Uwanja wa Lake Tanganyika ulivyogeuka kuwa makazi ya muda. Miongoni mwa walioshuka alikuwemo kijana wa Kiislamu kutoka Buyenzi, Bujumbura, ambaye baadaye alipelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anayeifahamu Buyenzi anajua kwamba Kiswahili pale ni lugha ya nyumbani. Basi kijana huyu alipofika kambini, Warundi wenzake waliotoka vijijini walimwona kama mgeni, ilhali Wakongo, ambao kambi hiyo ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996, walimwelewa kila neno, ingawa walikicheka Kiswahili chake naye akakicheka chao. Akafahamiana na kijana Mkongo wa Kibembe, Mkatoliki, aliyezaliwa humo humo kambini. Darasani wasingekutana, kwa kuwa Wakongo walisoma kwa mtaala wa Kongo na Warundi kwa mtaala wa Burundi. Walikutana bombani, kila mmoja na ndoo yake, katika foleni ambayo haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Huyu wa Kibembe alilelewa na bibi yake, na nyumbani kwao palikuwa na sufuria moja kubwa ambayo nyama ya nguruwe, siku ilipopatikana, ilipikwa humo. Mwenzake alikuja jioni moja, akakaribishwa ugali, akasema ameshiba. Akaja mara ya pili, ameshiba. Mara ya tatu bibi akanuna, na nani hapa hajui kwamba mgeni anayekataa chakula cha mtu mwenye kidogo amemtukana? "Rafiki yako anatudharau," akamwambia mjukuu wake.

Mjukuu hakubishana naye. Alikwenda kubeba matofali ya watu kwa siku kadhaa, akanunua sufuria ndogo, akachukua msumari na kuikwaruza mistari miwili kwenye ukingo. Akamweleza bibi kwamba hiyo ni ya dagaa na maharage tu, kwamba nguruwe asiingie humo, na kwamba mwiko wa sufuria kubwa usiiguse. Bibi akawaka: tangu lini nyumba yake ikawa najisi? Kijana akamjibu, "Si najisi, bibi. Yeye ana mwiko wake, kama wewe ulivyo na wako wa kambale." Maana bibi huyo tangu utotoni hakuwahi kula kambale, kwa sababu ya ukoo wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Wahenga wetu hawakukosea walipotuachia neno moja kwa kijiko cha kupikia na kwa jambo lisilofanywa. Pale jikoni vyote viwili viliangaliwa kwa pamoja. Kuanzia siku hiyo bibi ndiye aliyekuwa mlinzi mkali wa ile sufuria kuliko hata Mwislamu mwenyewe, na mtoto aliyethubutu kuichotea maji alifukuzwa hadi barabarani.

Sasa naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Sheikh mmoja aliwahi kuniambia kwamba nawafundisha vijana kulegeza dini, na wiki hiyo hiyo mchungaji mmoja akaniambia maneno hayo hayo, jambo lililonifurahisha kwa kuwa angalau hapo walikubaliana. Nawauliza: katika wale wawili, aliyelegeza ni yupi? Mwislamu hakula kilichoharamishwa. Mkatoliki hakuacha misa, na usiku wa mkesha wa Krismasi mwenzake ndiye aliyebaki kuilinda nyumba ili bibi na mjukuu wote waende kusali. Katika Kwaresima alijua siku ambazo bibi hali nyama, na hakuja na mishikaki mkononi.

Mtaniambia pia kwamba mfano tayari upo, wa Najashi wa Uhabeshi, aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia Makka. Upo, na kila semina huanza nao, lakini husimuliwa nusu. Wakimbizi wale walipoulizwa mbele ya mfalme Mkristo wanasema nini juu ya Isa, msemaji wao, Jaafar bin Abi Talib, hakujibu kwamba sote ni wamoja. Alisema wazi kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, huku wale waliotumwa kuwarudisha Makka wakisubiri jibu hilo limponze. Najashi akawaacha wakae kwa amani. Nusu hiyo tunaiacha kwa sababu inatudai ujasiri wa kusema tunachoamini huku tumekaa mkeka mmoja.

Wale vijana wametengana. Urejeaji wa hiari wa Warundi ulianza mwaka 2017, na wa Buyenzi alirudi pamoja na mama yake. Nilipomtembelea bibi mara ya mwisho, sufuria ilikuwa imetundikwa ukutani, na siku hiyo hapakuwa na chombo kingine cha kupikia uji. Uji haukupikwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mambo manne. Habari ya wasichana wanaokwenda kuni pamoja, Mlokole na Mwislamu, kwa sababu kwenda peke yako porini ni hatari, ilistahili kuwa mhadhara mzima, na najilaumu kwamba kila mara sufuria inaimezea muda. La mgao wa chakula kupunguzwa, na jinsi njaa inavyowafanya watu watafutane makosa, naliacha.

Nitasema la mpira tu. Mkitaka vijana wacheze pamoja, msipange mechi Ijumaa adhuhuri, wala Jumapili asubuhi, wala Jumamosi, kwa sababu Wasabato nao wana miguu. Mtasema zimebaki siku chache. Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi ni siku nne, na timu hazizidi sita. Katibu anayo karatasi. Naomba aisome kabla hamjatoka.