Mhasibu katika Taasisi za Kiyahudi: Kudai Vocha Miongoni mwa Watu Wanaoaminiana

Ndugu wahadhiri, ndugu wanafunzi wa uhasibu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi ya uhasibu katika jumuiya na taasisi za Kiyahudi. Ni uwanja usiotajwa sana madarasani mwetu, ingawa una waajiri wa kila namna: masinagogi, shule, nyumba za wazee, mifuko ya mikopo isiyo na riba, mashirikisho ya michango ya miji ya Marekani, ambayo la kwanza liliundwa Boston mwaka 1895, na mashirika ya misaada ya kimataifa kama American Jewish Joint Distribution Committee, lililozaliwa New York mwaka 1914. Sitawasomea orodha ya nafasi za kazi. Ninachotaka kueleza ni mahali ulipo ugumu wa kazi yenyewe, na dai langu ni kwamba hauko katika kujua sikukuu na sheria za dini, mambo ambayo mtu mwenye bidii hujifunza ndani ya mwaka mmoja, bali uko katika kudai vocha, yaani hati za kuthibitisha malipo, miongoni mwa watu wanaofahamiana tangu utotoni.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 38, kuna taarifa ya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa uhasibu anaweza kuikagua mwenyewe. Wanaume 603,550 walihesabiwa, kila mmoja akatoa nusu shekeli ya fedha. Talanta moja ilikuwa shekeli 3,000. Gawanyeni kwa mbili kisha mpige hesabu: mtapata shekeli 301,775, yaani talanta 100 na shekeli 1,775, na ndivyo hasa maandiko yanavyosema. Mwandishi hakuishia kwenye jumla. Anaeleza kwamba zile talanta 100 zilisubiwa vitako 100, yaani misingi ya kusimamishia nguzo, talanta moja kwa kila kitako, na zile shekeli 1,775 zilizobaki zikatengenezewa kulabu za nguzo. Mapato yameonyeshwa, matumizi yameonyeshwa, na baki ndogo haikuachwa ielee. Nimewahi kusoma taarifa za taasisi za siku hizi zisizofikia kiwango hicho.

Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Shekalim, inakwenda mbali zaidi. Mtu aliyeingia katika chumba cha hazina ya Hekalu kuchota fedha hakuruhusiwa kuvaa vazi lenye upindo wala viatu, asije siku moja akatajirika na watu wakasema ametajirika kwa fedha za chumba kile. Talmudi nayo, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, katika sehemu iitwayo Bava Batra, inaagiza sadaka ya jumuiya ikusanywe na watu wasiopungua wawili na igawanywe na watatu. Leo tunauita utaratibu huo utenganishaji wa majukumu, nasi tunaufundisha kana kwamba ulibuniwa na makampuni makubwa ya ukaguzi.

Lakini sehemu hiyohiyo ya Bava Batra inasema pia kwamba wakusanyaji wa sadaka hawadaiwi hesabu, na ushahidi wake unatolewa katika Wafalme wa Pili, sura ya 12, ambako waliosimamia ukarabati wa Hekalu hawakuulizwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Katika karne ya 16, rabi Moshe Isserles wa Krakow aliongeza kwamba, hata hivyo, ni vema watoe hesabu ili wawe safi mbele za Mungu na mbele za Israeli. Mhasibu wa taasisi ya Kiyahudi anaishi katikati ya kauli hizo mbili, na bodi nyingi, zinapobanwa, huikimbilia ile ya kwanza.

Tuingie sasa kwenye kazi ya kila siku. Usiku wa Kol Nidre, unapoanza mfungo wa Yom Kippur, sinagogi hujaa kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na huo ndio wakati wa kutoa wito wa michango. Tatizo ni kwamba siku hiyo, kama siku ya Sabato, sheria inakataza kuandika na kushika fedha. Masinagogi yanayoishika sheria hiyo hugawa kadi zilizochapwa viwango vya fedha pembeni, kila kiwango kwenye kipande chake cha karatasi, naye mwumini hukunja kipande cha kiwango anachoahidi. Baada ya sikukuu mhasibu hukabidhiwa kasha la kadi zilizokunjwa. Hapo ndipo maswali ya kitaaluma yanapoanza. Nani alikuwa na kasha hilo tangu jioni ile? Kadi zilihesabiwa na wangapi? Je, ahadi hiyo haina masharti, hivyo iingizwe katika mapato ya mwaka huu, au ni nia tu? Na ni sehemu gani ya ahadi hizo itengewe wadaiwa ambao uzoefu unaonyesha hawatalipa? Mweka hazina wa kujitolea atakwambia kwamba fulani hawezi kukosa kulipa kwa sababu hata baba yake alikuwa akilipa. Maelezo hayo yanafaa katika mazungumzo ya baada ya ibada, si katika mizania.

Jambo zito kuliko hilo ni fedha zenye masharti ya mtoaji. Viwango vya uhasibu vya Marekani, tangu marekebisho yaliyotolewa mwaka 2016, vinagawa mali halisi za taasisi isiyo ya faida katika mafungu mawili: yenye masharti ya wafadhili na yasiyo na masharti. Kwenye karatasi ni mistari miwili tu. Lakini fikirieni sinagogi ambalo familia moja imetoa fedha za kununulia hati-kunjo ya Torati kwa kumbukumbu ya mzazi wao, nyingine imetoa za ufadhili wa wanafunzi, ya tatu ya paa, na mwezi wa Julai hakuna fedha za mishahara. Kishawishi cha kukopa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, “tutarudisha baada ya sikukuu”, ni kikubwa, na anayepaswa kukataa ni mhasibu, mbele ya wajumbe wa bodi wanaoitakia taasisi mema.

Kuhusu kalenda nitasema kwa kifupi. Taasisi nyingi za Kiyahudi za Marekani hufunga mwaka wa fedha Juni 30, kwa hiyo ukaguzi huangukia Septemba na Oktoba, majira ya sikukuu za Rosh Hashanah, Yom Kippur na Sukkot, ambapo ofisi hufungwa siku nyingi. Kuna pia Ijumaa fupi za majira ya baridi, kwa kuwa Sabato huanza jua linapozama, na Pasaka yao, ambayo mara nyingi hukaribiana na Aprili 15, tarehe ya kuwasilisha ritani za kodi za watu binafsi. Mpango mzuri wa kazi unayamaliza haya yote.

Kodi inahitaji umakini zaidi. Rabi wa Marekani anaweza kupewa posho ya nyumba isiyotozwa kodi ya mapato, chini ya kifungu cha 107 cha sheria ya kodi, ilimradi posho hiyo iwe imeidhinishwa rasmi kabla ya kulipwa. Azimio la bodi lililoandikwa Desemba kwa malipo ya Januari iliyopita halimsaidii mtu. Masinagogi, kama makanisa, hayalazimiki kujaza Fomu 990, taarifa ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, ambayo mashirika mengine ya hisani huijaza na umma kuisoma, na matokeo yake ni kwamba waumini huona kile tu ambacho mweka hazina ameamua kuwaonyesha. Nchini Israeli hali ni tofauti: huko chama kisicho cha faida, kilichosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1980, huhitaji hati ya uendeshaji bora kutoka kwa msajili kabla ya kuomba ruzuku za serikali. Kuna pia suala la riba kati ya Myahudi na Myahudi, ambayo sheria ya dini inaikataza, nalo hutatuliwa kwa mkataba wa ubia uitwao heter iska; wasikilizaji wangu wanaoijua mudharaba ya benki za Kiislamu wataelewa muundo wake upesi.

Sasa nirudi kwenye kuaminiana. Desemba 2008 ulifichuka ulaghai wa Bernard Madoff, msimamizi wa uwekezaji wa New York. Mtu huyo alikuwa mweka hazina wa bodi ya Yeshiva University, chuo kikuu cha Kiyahudi, na mwenyekiti wa bodi ya shule yake ya biashara. Hadassah, shirika la wanawake, lilikuwa limewekeza kwake dola milioni 40, na taarifa zake zilionyesha zimekua hadi takriban dola milioni 90 ambazo hazikuwapo. Hesabu za kampuni yake, iliyodai kusimamia mabilioni, zilikaguliwa na ofisi ndogo mno, Friehling & Horowitz, katika kitongoji cha New City, na mkaguzi wa ofisi hiyo alikiri makosa mahakamani mwaka 2009. Jina la mkaguzi lilikuwa kwenye karatasi, likingoja mtu wa kuuliza ofisi hiyo ina watu wangapi.

Kesi ya pili inaniumiza zaidi. Claims Conference, taasisi iliyoundwa mwaka 1951 kudai fidia kutoka Ujerumani kwa ajili ya Wayahudi walioteswa na Wanazi, iligundua mwaka 2009 kwamba baadhi ya watumishi wake wa New York walikuwa wakiidhinisha madai ya watu wasiostahili, na hasara ilifikia dola milioni 57. Waliogundua ni maofisa wa taasisi yenyewe, nao wakaripoti kwa FBI. Lakini ilikuja kufahamika kwamba barua isiyo na jina ilikuwa imetoa tahadhari mwaka 2001, na uchunguzi uliofuata haukufika mbali. Faili zilikuwa kamili, zenye vyeti na sahihi. Mkaguzi anayelinganisha fomu na malipo peke yake asingeona kitu. Ilihitajika mtu wa kusoma maisha yaliyoelezwa katika fomu na kujiuliza kama mtu huyo angeweza kuwa amezaliwa mwaka huo na mahali hapo.

Mtaniuliza kama ni lazima mtu awe Myahudi. Si lazima, na mgeni ana nafasi ambayo mwenyeji hana: hakuna shangazi yake aliyekaa katika kamati. Katika eneo letu kazi hizi ni chache lakini zipo. Nairobi ina sinagogi lenye historia ya zaidi ya karne moja. Karibu na Mbale, Uganda, Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wana shule na kituo cha afya vinavyosaidiwa na wafadhili wa ng’ambo. Rwanda ina kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa mwaka 2008. Wakfu binafsi wa Marekani unapotoa ruzuku kwa taasisi ya nje, mara nyingi sheria huutaka uchunguze kwanza, uandikiane mkataba, na upokee ripoti za matumizi. Kwa hiyo mhasibu wa huku hutunza leja kwa shilingi au faranga, huripoti kwa dola, hueleza tofauti ya kiwango cha ubadilishaji, na hutenga kila ruzuku katika akaunti yake. Anayeomba kazi ya aina hiyo aende kwenye usaili akiwa na cheti chake cha CPA, yaani cha mhasibu aliyeidhinishwa, na mfano mmoja wa taarifa ya fedha zenye masharti aliyoiandaa mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo atakaloulizwa kwanza.