Shani Naye Kajifungua

DA TATU: Haya jamani, karibuni. Mwenye kiti chake karudi, arobaini imeisha, na leo hamtanisikia peke yangu. Mama Shani, hujambo mwanangu?

MAMA SHANI: Shikamoo Da Tatu. Sijambo, ila nimekuja na deni la usingizi. Ukiniona nasinzia nipige kiwiko.

DA TATU: Marahaba. Wasikilizaji walinichoka. Wanasema nikiachwa peke yangu naongelea samaki tu.

MAMA SHANI: Ni kweli, nilikuwa nawasikiliza usiku nikinyonyesha. Kipindi kizima cha nguru!

DA TATU: Nguru anastahili. Sasa leo nimejipanga, karatasi hii hapa: mambo matano ya kumsaidia mama mwenye kichanga na mkubwa wake. La kwanza...

MAMA SHANI: Ngoja. Kabla ya hilo la kwanza nikupe ya Jumanne. Unajua mama mkwe bado yupo kwangu. Alishuka kutoka Marangu na ndizi mshare kwenye viroba, na tangu siku hiyo kwangu ni mtori asubuhi, mtori jioni. Basi Jumanne anamimina bakuli langu, mara anatokea Shani. Mdoli kamfunga ndani ya kanga yangu. Kanga nyingine kajikaza tumboni mpaka hapumui vizuri. Anatembea hivi, miguu kaitanua, pole pole, mkono kiunoni. Anakaa kwenye stuli, anashusha pumzi, anasema, "Bibi, na mimi nimejifungua. Niletee wangu. Na nyama."

DA TATU: [anacheka] Toba!

MAMA SHANI: Bibi yake akamuuliza, umejifungua lini? Akajibu, "Usiku. Mlikuwa mmelala."

DA TATU: Miaka minne huyo! Akapewa?

MAMA SHANI: Akapewa, tena na mfupa. Akamaliza, akauliza, "Na kukandwa saa ngapi?" Mama mkwe akamwekea beseni la maji ya vuguvugu, akaloweka taulo, akamkanda mgongo. Mtoto kafumba macho kama mzazi wa watoto saba.

DA TATU: Sasa huyo ni mzazi mwenzako. Mpe heshima yake. Ila nikuulize, huo mtori ndio nini hasa? Mimi nimezaa watatu Tanga, mambo ya kumpondea ndizi mtu mwenye meno yake yote siyajui.

MAMA SHANI: Da Tatu, usianze.

DA TATU: Nauliza tu! Kwetu mzazi anapewa uji wa pilipili manga, ukiunywa unasikia umefika mpaka kisiginoni. Supu ya kuku wa kienyeji. Basi.

MAMA SHANI: Mtori una kazi yake. Unachemsha nyama ya mifupa mpaka ilainike, unamenya mshare, unaziivishia kwenye ile supu, halafu unaziponda kwa mwiko mpaka mkono ukome. Siagi kidogo juu. Unashiba, na maziwa yanakuja.

DA TATU: Siagi kwenye ndizi na nyama!

MAMA SHANI: Wengine wanatia maziwa.

DA TATU: Maziwa na nyama chungu kimoja! Wasikilizaji mmesikia, mimi sijasema kitu.

MAMA SHANI: Wewe mwenye kuweka tui la nazi hata kwenye maharage unanishangaa mimi?

DA TATU: Tui ni ustaarabu. Haya, tusigombane, mzazi Shani anasubiri bakuli lake. Sema, wewe ulicheka?

MAMA SHANI: Nilicheka. Kisha nikaenda chumbani nikalia.

DA TATU: Kwa nini tena?

MAMA SHANI: Kwa sababu yule mtoto kapiga hesabu yake vizuri. Kaona nyumba hii anayezaa ndiye anayelishwa, ndiye anayekandwa, ndiye anayetembelewa. Wageni wanakuja na sabuni, na pampasi, na vitenge, wanampita mlangoni. "Mtoto yuko wapi?" Na yeye anajibu, "Mimi hapa." Kila mgeni, Da Tatu. Anasimama pale, "Mimi hapa." Wanamshika kichwa, wanapita ndani.

DA TATU: Mh.

MAMA SHANI: Na mimi mwenyewe nina kitu sikijui jina lake. Nilipotoka hospitali nilimpakata, nikamshika mguu, nikashtuka. Mguu mkubwa! Nimeuacha mdogo juzi tu, narudi naukuta ni wa mtu mzima. Tangu hapo namkumbuka. Yupo sebuleni, namsikia anaimba, na namkumbuka kama mtu aliyesafiri. Huku kichanga akilia usiku naamka, nampa ziwa, nambadilisha, kila kitu natimiza, lakini wiki zile za mwanzo ilikuwa kama namlelea mtu mtoto wake. Moyo uko chumba cha pili, kwa yule mwenye miguu.

DA TATU: Ulimwambia mtu?

MAMA SHANI: Nesi, kwenye chanjo ya wiki sita. Akaniuliza maswali ya maana, akaniambia kilio cha siku za mwanzo kwa kawaida kinapungua ndani ya wiki mbili, kikivuka hapo mama asinyamaze, aseme. Changu kilishapungua. Hiki cha kumkumbuka Shani ndicho kimebaki.

DA TATU: Sasa mwanangu, na hapa utanisamehe. Ndiyo maana wazee walikuwa na utaratibu. Mkubwa anapelekwa kwa bibi mpaka arobaini iishe. Mimi mama alipomzaa mdogo wangu nilipelekwa Pangani. Nilirudi nimenona, najua kuogelea, na mama kapata nguvu. Hakuna aliyesimama mlangoni na "Mimi hapa".

MAMA SHANI: Nilijua utafika huko. Na mama mkwe alisema hivyo hivyo, amchukue huyu mtoto aende naye Marangu. Nikakataa.

DA TATU: Ukakataa nini sasa? Raha?

MAMA SHANI: Nilikataa asije akatolewa nyumbani siku ile ile mwingine anapoingia. Akirudi anakuta mtu kitandani kwa mama yake. Yeye atahesabu nini?

DA TATU: Atahesabu kuwa alikwenda kwa bibi! Mtoto hana mahesabu hayo. Unampa akili ya kwako.

MAMA SHANI: Huyu kajifungua usiku watu wamelala, unasema hana mahesabu?

DA TATU: [anacheka] Umenipata hapo, lakini sikubali. Nikuulize, tangu umerudi hujamfokea?

MAMA SHANI: Nimemfokea. Nyumba gani yenye watoto wawili hawafokewi?

DA TATU: Basi heri mapenzi ya bibi kuliko makelele ya mama asiyelala.

MAMA SHANI: Heri anione nimefoka, kisha anione nimekuja kitandani kwake nimemkumbatia. Huko Pangani nani alikuonyesha mama yako amechoka lakini bado ni wako?

DA TATU: Sikuhitaji kuonyeshwa. Nilijua.

MAMA SHANI: Ulikuwa na miaka mingapi?

DA TATU: Mitatu. Na nilijua.

MAMA SHANI: Unajuaje kama ulijua?

DA TATU: Mama Shani, mimi ni mtu mzima, usinihoji kama polisi. Wewe una mama mkwe jikoni, una dada wa kazi. Mwanamke aliye peke yake chumba kimoja pale Mbagala, umwambie abaki na wote wawili kwa sababu ya hesabu za mkubwa? Mume sheria inampa siku tatu tu za likizo.

MAMA SHANI: Tatu, ndiyo, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Wa kwangu ya kwanza iliishia hospitali, ya pili kusaka kitanda cha Shani, ya tatu akalala kuliko mimi. Mimi nina 84.

DA TATU: Basi ndiyo hivyo, mzigo wote ni wako. Mpeleke mtoto kwa bibi.

MAMA SHANI: Huyo wa Mbagala simsemei. Nasema wangu. Simpeleki.

DA TATU: Na mimi nasema ungempeleka leo hii usingelia chumbani.

MAMA SHANI: Ningelia zaidi.

DA TATU: Haya. [kimya] Tubaki hapo hapo.

MAMA SHANI: Tubaki. Umekasirika?

DA TATU: Sijakasirika. Nawaza yule mzazi mwenzako sasa hivi anafanya nini.

MAMA SHANI: Jana alitaka ziwa. Nikampa, kuliko kugombana. Akavuta mara moja, akatema, akaniambia, "Mama, hujatia sukari." Akaenda zake, hajarudia.

DA TATU: [anacheka] Kazoea siagi huyo! Mwambie aje Tanga tumpe uji.

MAMA SHANI: Uji wa pilipili manga kwa mtoto wa miaka minne?

DA TATU: Si amejifungua? Uzazi una masharti yake. Mlio wa nini huo?

MAMA SHANI: LUKU. Uniti zinaishia.

DA TATU: Nani alisema atanunua?

MAMA SHANI: Wewe. Wiki ile ya nguru.

DA TATU: Lo! Na haya mambo matano sijasoma hata moja. Jamani la kwanza lilikuwa linahusu wageni, waje na kitu cha mkubwa pia, la pili... saa ngapi?

MAMA SHANI: Dakika mbili, tena mimi nimevimba maziwa, lazima niwahi. Liache.

DA TATU: Yote?

MAMA SHANI: Yote. Wapenzi wasikilizaji, mwandikieni Da Tatu mumwambie kama maziwa na nyama havikai chungu kimoja.

DA TATU: Na mwandikieni huyu kama mkubwa aende kwa bibi au asiende. Mkiandika kwa heshima nitasoma. Ukitoka, zima hiyo feni, ndiyo inayokula umeme.

MAMA SHANI: Feni iko upande wako, Da Tatu.